Kamera Ndogo Isiyo na Kioo: Somo kwa Wanaopenda Kupiga Picha

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo juu ya upigaji picha, kwa kuwa wanafunzi wa Chama cha Picha wana hamu ya kujua ni kamera gani iliyo bora. Swali hilo nimelisikia mara nyingi. Hata wenzangu tuliosoma nao hapa zamani huniuliza tunapokutana mjini Kampala. Jibu langu ni fupi: kamera bora ni ile utakayokuwa nayo siku picha yenyewe itakapokuja, nawe waijua kama uijuavyo kalamu yako. Lakini jibu fupi halimfundishi mtu. Kwa hiyo nitaeleza kamera za namna mbalimbali nilizozijaribu tangu mwaka 2011, kila moja ilinifunza nini, na kwa nini mwishowe nilikaa na moja ndogo isiyo na kioo.

Wahenga walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kamera nayo ni hivyo hivyo. Ukisoma matangazo ya wenye viwanda utaona kila kamera ni nzuri. Ukilala nayo mwezi mzima ndipo utakapowajua kunguni.

KIOO NI CHA NINI?

Kwanza yafaa tujue maana ya jina hili. Katika kamera ya kioo, nuru huingia kwa lenzi na kukipiga kioo kilicholazwa mshazari kwa digrii 45. Kioo huirudisha nuru juu, nayo huzunguka katika bilauri nzito yenye pembe tano, kisha hutokea kwenye tundu la kuchungulia na kufika jichoni mwako. Ndiyo sababu mpiga picha huona hasa kile ambacho lenzi inakiona. Ukibonyeza, kioo huruka juu, pazia dogo hufunguka, nuru huipata filamu (au, katika kamera za leo, bamba la kuhisi nuru), pazia hufunga, na kioo hushuka mahali pake. Mambo hayo yote hupita kwa kufumba na kufumbua, na ule mlio tunaousikia ni wa kioo na pazia.

Ni ufundi wa ajabu, lakini kioo chataka nafasi ya kuruka. Katika kamera za kioo za Nikon, toka pale lenzi inaposhikiziwa hadi kwenye filamu ni milimita 46.5. Katika kamera zisizo na kioo za Fujifilm za ukoo wa X, nafasi hiyo ni milimita 17.7 tu. Toa hesabu, utapata milimita 28.8, yaani karibu sentimita 3. Hizo zimepunguzwa unene wa kamera kwa kuondoa kioo peke yake, kabla hatujaitoa ile bilauri ya pembe tano juu.

Kamera isiyo na kioo hufanya kazi hivi. Nuru hutoka lenzini ikafika moja kwa moja kwenye bamba. Bamba hugeuza nuru kuwa umeme, na picha hutumwa papo hapo kwenye skrini ya nyuma, au kwenye skrini ndogo sana iliyowekwa ndani ya tundu la kuchungulia. Faida yake kubwa kwa mwanafunzi ni kwamba aiona picha jinsi itakavyokuwa kabla ya kubonyeza. Ikiwa itakuwa na giza, aliona giza hilo. Ikiwa nuru imezidi, aiona imezidi. Hasara yake ni kwamba skrini hula betri muda wote kamera inapowashwa. Katika kamera ya kioo, kuchungulia hakuli umeme mwingi.

HISTORIA KIDOGO

Hamu ya kamera nyepesi haikuanza leo. Oskar Barnack alikuwa fundi katika kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Alipenda kutembea porini na kupiga picha, lakini alikuwa na ugonjwa wa pumu, na kamera za siku zile pamoja na mabamba yake ya kioo zilikuwa mzigo mzito. Basi yapata mwaka 1914 alikuwa amekwisha kutengeneza kamera ya kutoshea mkononi, iliyotumia filamu ya sinema, na kila picha ilikuwa na milimita 24 kwa 36. Mwaka 1925 kamera ya namna hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la Leica. Kipimo chake cha 24 kwa 36 ndicho hata leo tunachokiita bamba kamili. Kumbukeni, vijana: kipimo kinachotumika duniani kote kilitokana na mtu aliyetaka kubeba mzigo mwepesi.

Kamera ya kwanza isiyotumia filamu ilijaribiwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa Kodak huko Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Mwaka 2008 Panasonic walitangaza Lumix G1, kamera ya kwanza ya jamii iitwayo Micro Four Thirds: lenzi zabadilishwa, lakini kioo hakuna. Mwaka 2009 Olympus walitoa E-P1. Mwaka 2010 Sony walitoa NEX-3 na NEX-5, na mwaka 2012 Fujifilm wakatoa X-Pro1. Mwaka 2013 Sony waliweka bamba kamili katika kamera ndogo iitwayo A7, na mwaka 2018 Nikon na Canon nao wakatoa kamera zao za bamba kamili zisizo na kioo. Hivyo, katika muda wa miaka 10 tu, kioo kilichotawala upigaji picha tangu zamani kilianza kuachwa.

KAMERA NILIZOZIJARIBU

Sikuzinunua zote. Baadhi nilizinunua zikiwa zimetumika, nikaziuza tena. Nyingine niliazimwa na marafiki. Kila moja nilikaa nayo si chini ya siku 30, na katika daftari niliandika ni siku ngapi niliondoka nayo nyumbani. Sitataja majina ya viwanda vilivyotengeneza zile nilizoziacha, kwa sababu iliyoshindwa kunifaa mimi yaweza kumfaa mwingine.

Ya kwanza ilikuwa kikamera cha mfukoni chenye lenzi ya kuvuta mbali. Katika siku 30 niliibeba siku 24. Mchana ilitoa picha safi, lakini jioni picha zilijaa chembechembe kama mchanga. Sababu yake ni udogo wa bamba, na nitaieleza hapa chini kwa hesabu.

Ya pili ni simu. Mtu asiidharau simu, maana iko nasi kila siku, na ya leo hupiga picha kadhaa kwa mfululizo, ikazichanganya kwa hesabu zake na kutoa picha moja nzuri. Lakini kwa mwanafunzi ina kasoro mbili. Kwanza, yenyewe ndiyo huamua kila kitu, na mwanafunzi hajui iliamua nini. Pili, lenzi yake kuu huona upana mwingi. Ukitaka uso ujaze picha, itakubidi usogee karibu mno, na pua ya mtu itaonekana kubwa kuliko Mungu alivyoiumba.

Ya tatu ilikuwa kamera kubwa ya kioo, ya rafiki yangu anayepiga picha za arusi. Picha zake ni nzuri sana, wala sina la kusema juu ya kazi yake. Niliipima kwenye mizani ya dukani: pamoja na lenzi ilikuwa kilo 1.6. Rafiki yangu huibeba kutwa nzima bila kulalamika, nami nilifikiri ni kitu chepesi. Kweli, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika siku 30 niliibeba siku 6.

Ya nne haikuwa na kioo, lakini ilikuwa na bamba kamili. Kwa kuiangalia dukani ilikuwa ndogo. Lakini bamba kubwa lataka lenzi kubwa, na lenzi yake ya kuvuta ilikuwa nzito kuliko kamera yenyewe. Siku 11. Hapo nilijifunza kanuni ambayo matangazo hayaisemi: usiipime kamera peke yake, ipime pamoja na lenzi utakayoitumia.

Ya tano ilikuwa ndogo sana, haina kioo wala tundu la kuchungulia, ila skrini ya nyuma tu. Niliibeba siku 25, nayo ilinifurahisha sana ndani ya nyumba. Lakini sisi twakaa karibu na ikweta. Saa saba mchana, katika uwanja wa mpira, jua liko utosini na skrini yawa kama kipande cha bati. Huoni ila uso wako mwenyewe. Kwa nchi za mawingu kamera hiyo yafaa. Kwetu, tundu la kuchungulia si pambo, ni lazima.

Ya sita ndiyo niliyobaki nayo. Ni Fujifilm X-E3, iliyotangazwa mwaka 2017. Mimi niliipata imekwisha kutumika, na siku hizi haitengenezwi tena, kwa kuwa zimetoka nyingine za ukoo wake. Ina uzito wa gramu 337 pamoja na betri na kadi. Lenzi niliyoiweka ni ya milimita 23, isiyovuta, yenye gramu 180. Jumla ni gramu 517, yaani chini ya theluthi moja ya ile kamera ya arusi. Siku 27 katika 30.

HESABU YA BAMBA

Sasa tutazame kwa nini kikamera cha mfukoni hushindwa jioni. Bamba ni kama sufuria iliyowekwa nje kukinga mvua. Mvua ikinyesha sawasawa, sufuria pana itapata maji mengi kuliko kikombe. Nuru nayo ni hivyo hivyo. Nuru ikiwa chache katika bamba dogo, kamera huikuza kwa nguvu ya umeme, na katika kuikuza huzikuza na zile chembechembe.

Zidisha urefu kwa upana. Bamba kamili ni 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Bamba la X-E3 ni 23.5 kwa 15.6, yaani karibu 367. Bamba la Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13, yaani karibu 225. Bamba la vikamera vingi vya mfukoni vya zamani ni kama 6.2 kwa 4.6, yaani karibu 28.5. Basi bamba la X-E3 ni mara 13 ya lile la kikamera cha mfukoni, lakini bamba kamili ni mara 2 na kitu tu ya lile la X-E3. Mwenye akili ya biashara ataona mara moja: toka mfukoni hadi hapa katikati faida ni kubwa mno, toka katikati hadi bamba kamili faida ipo, lakini hulipiwa kwa uzito na kwa fedha. Mimi nilisimama hapo katikati.

KAMERA KAMA MWALIMU

Kitu kilichonivuta zaidi katika kamera hii ni kwamba mambo makubwa ya upigaji picha yameandikwa juu yake kwa namba, uyaone hata kabla ya kuiwasha. Kwenye lenzi kuna pete ya kupanua na kufinya tundu la nuru: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Namba ndogo maana yake tundu pana, na namba kubwa maana yake tundu jembamba. Ukihama namba moja, nuru hupungua nusu au huongezeka mara mbili. Juu ya kamera kuna gurudumu la mwendo wa pazia: 60, 125, 250, 500, na kuendelea hadi 4000. Namba 250 maana yake pazia hukaa wazi kwa muda wa sehemu moja katika sehemu 250 za sekunde. Jambo la tatu ni wepesi wa kuhisi nuru, uitwao ISO, nao huwekwa kwa skrini.

Mambo hayo matatu ni kama mafiga matatu ya jiko. Ukiliondoa moja, sufuria yaanguka. Ukilisogeza moja, yabidi usogeze na jingine.

Kanuni ya wapiga picha wa tangu enzi za filamu ni hii: jua likiwa kali, weka tundu 16, na mwendo wa pazia uwe sawa na namba ya ISO. Ikiwa ISO ni 200, weka mwendo ulio karibu nayo, yaani 250. Sasa, ukitaka kumpiga mchezaji akikimbia, 250 ni mwendo mdogo. Panua tundu kutoka 16 hadi 11, na mwendo uwe 500. Panua hadi 8, uwe 1000. Nuru inayoingia ni ile ile, lakini mchezaji husimama angani kama aliyegandishwa. Mwanafunzi aliyeifahamu kanuni hii aweza kushika kamera yoyote duniani, mpya au ya babu yake, na kupata picha.

Sifa nyingine ni mahali pa tundu la kuchungulia. Katika kamera nyingi liko katikati, na mpiga picha hufunika uso wake wote. Katika hii liko pembeni kushoto. Nikitazama kwa jicho la kulia, uso wangu wabaki nje, na yule ninayempiga aniona. Tena pazia laweza kufanya kazi kwa umeme bila mlio wowote. Lakini ukimya huo una masharti yake: kitu kinachokwenda mbio sana chaweza kuonekana kimepinda, na chini ya taa nyingine za umeme picha hupata mistari. Katika hali hizo rudia pazia la kawaida.

MPISHI WA SHULE

Mambo hayo ya uso na mlio huenda yakaonekana madogo. Nitaeleza kwa nini si madogo.

Mwaka 2022 mpishi wetu alistaafu. Wote tuliosoma hapa twamkumbuka: mzaliwa wa upande wa Arua, mwenye Kiswahili kizuri kuliko chetu, aliyetupikia posho na maharagwe miaka mingi. Nilifungua vitabu vya picha vya shule nikimtafuta. Walimu wamo, wameketi mstari wa mbele na mikono magotini. Viranja wamo. Timu ya mpira imo, kila mwaka. Mpishi hayumo hata mara moja. Mtu aliyewalisha watu wote wale hakuwa na picha.

Niliomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu nikae jikoni siku chache. Siku ya kwanza nilikwenda na ile kamera kubwa niliyoazimwa. Mzee alipoiona alivua aproni, akaagiza koti, akasimama wima kama askari mbele ya bendera, wala hakutabasamu. Nilimpiga picha hiyo kwa heshima, nayo ni nzuri.

Siku ya pili nilikwenda na ile ndogo. Akaniuliza, “Mwanangu, leo umeleta redio?” Nikamjibu, “Ni kamera, Mzee.” Akacheka, akaendelea na kazi yake. Baada ya nusu saa alikuwa amenisahau. Jiko lile lina moshi na mlango mmoja tu, na nuru yote yatoka mlangoni. Niliweka tundu 2, mwendo 60, ISO 3200. Nilimpata anasonga posho kwa mwiko mrefu kama kafi ya mtumbwi, mvuke umemzunguka kiunoni, naye anamwambia kijana wa kuni jambo la kumchekesha.

Mwaka uliofuata Mzee alifariki. Watoto wake waliniomba picha, nikawapelekea zote. Ile ya koti waliiweka juu ya jeneza, kama ilivyo desturi. Ile ya jikoni wameitundika sebuleni, na nakala yake sasa imo katika kitabu cha shule. Kila picha ina kazi yake. Lakini ile ya pili isingalipatikana kwa kamera ya kumfanya mtu asimame wima.

Sisi katika Uganda twajua thamani ya picha iliyopigwa kabla ya wakati kupita. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jumba kuu la makaburi ya Makabaka huko Kasubi liliteketea kwa moto. Jumba limejengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO waliliondoa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Nyumba yaweza kujengwa tena. Lakini picha ya jumba la kale, kama hukuipiga kabla ya usiku ule, huwezi kuipiga leo, hata ukiwa na kamera ya thamani gani.

KASORO ZAKE

Nisipotaja kasoro nitakuwa mfanya matangazo. Kamera hii haina chombo cha kutuliza mtetemo wa mkono ndani yake. Haikukingwa na mvua, kwa hiyo mawingu yakitanda mimi hubeba mfuko wa plastiki. Skrini yake haikunjuki. Betri yake yakadiriwa kutoa picha 350 hivi, na safari ya siku mbili yataka betri ya pili. Lenzi yangu haivuti; nikitaka kitu kiwe kikubwa natembea kwa miguu yangu. Na ndege aliye juu ya mti hangojei miguu yangu. Mwenye kupenda ndege na wanyama atafute kamera nyingine na lenzi ndefu.

UKITAKA KUNUNUA ILIYOTUMIKA

Wengi wetu hatuwezi kununua mpya, wala si lazima. Lakini angalia mambo haya.

Kwanza, ishike lenzi mbele ya taa na uchungulie ndani. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, nayo hupenda unyevu na giza. Iache. Ukiwa nayo njema, usiifungie kabatini miezi mingi katika mfuko wa ngozi. Itoe, itumie, ipate hewa.

Pili, finya tundu la nuru mpaka 16 na upige picha ya mbingu nyeupe. Madoa yakionekana mahali pamoja katika kila picha, bamba lina vumbi. Vumbi husafishika, mikwaruzo haisafishiki.

Tatu, zungusha kila pete na kila gurudumu, bonyeza kila kitufe, na upige picha kwa kila mwendo wa pazia.

Nne, uliza kama betri zake bado hupatikana, na kama lenzi zake hupatikana mjini mwetu. Kamera isiyo na betri ni jiwe la kuzuia karatasi.

Tano, iazime kwanza ikiwezekana, hata kwa siku tatu. Usiazime fedha ya ada kwa ajili ya kamera. Kwanza tumia ya Chama cha Picha mpaka uzijue namba zake zote, ndipo utakapojua unakosa nini.

MAZOEZI

1. Upana wa tundu la nuru hupatikana kwa kugawa urefu wa lenzi kwa namba ya tundu. Lenzi ni ya milimita 23. Tafuta upana wa tundu kwa namba 2 na kwa namba 16.

2. Jua ni kali, ISO ni 400. Kwa tundu 16 utaweka mwendo gani? Ukipanua tundu hadi 8, mwendo utakuwa gani?

3. Kwa lenzi ya milimita 23 katika bamba la X-E3, zidisha kwa 1.5 ujue ni sawa na lenzi gani katika bamba kamili. Kisha, kwa kanuni ya kwamba mwendo usipungue namba hiyo ili mkono usitikise picha, eleza kwa nini jikoni nilichagua 60 wala si 30.

4. Chukua kamera yoyote, hata simu. Kwa siku 30 andika daftarini kila siku kama uliondoka nayo, ulipiga nini, na ni picha gani uliikosa na kwa sababu gani. Sababu za kukosa ndizo zitakazokuambia ununue kamera ya namna gani.

Majibu: (1) Milimita 11.5, na karibu 1.4. (2) 500, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na 400; kisha 2000. (3) Karibu 35. Na 30 iko chini ya 35. (4) Jibu hili unalo wewe mwenyewe.

Na kwa wanafunzi wa sasa nina ombi moja. Kila shule ina watu ambao hawaketi mstari wa mbele: mlinzi wa lango, mama wa zahanati, fundi wa bomba, mkata nyasi. Kabla ya muhula huu kwisha, waombeni ruhusa, mkawapige picha wakiwa kazini, mwandike nyuma jina na mwaka, na mwapelekee nakala. Kamera mliyo nayo leo yatosha.